Muuza kangomba anajua hesabu

Mhariri,

Mwandishi wenu wa safu ya uchumi ametugusa tena watu wa korosho. Anasema Kusini tunabaki maskini kwa sababu hatuna akili ya biashara: tunauza kangomba, yaani kwa wanunuzi wa pembeni nje ya chama, fedha za msimu zinaishia kwenye unyago, kisha tunakaa kuisubiri serikali. Nilikuwa karani wa chama cha msingi, yaani chama cha ushirika cha wakulima wa kijijini, huku Newala tangu ushirika uliporudishwa miaka ya 1980 mpaka nilipostaafu, na mikorosho yangu bado naipalilia. Naomba nafasi nimjibu.

Aliyoyaandika ni nadharia, tena kongwe, ingawa ameiandika kana kwamba ameiona kwa macho barabarani kati ya Mtwara na Masasi. Mwaka 1960 Mmarekani W. W. Rostow alieleza kwamba jamii zote hupanda ngazi moja yenye hatua tano, kuanzia jamii ya kimila hadi ile ya watu wanaonunua wanachotaka. Tulifundishwa hayo tulipopelekwa kozi Chuo cha Ushirika, Moshi. Mwalimu alichora ngazi ubaoni, akatuweka sisi na babu zetu kwenye kidato cha chini kabisa, na hakuna aliyebisha kwa sababu mtihani ulikuwa karibu.

Lakini babu yangu huyo wa kidato cha chini alikuwa manamba, kibarua wa mashamba ya mkonge, Tanga. Alikata mkonge kwa kipande, siku thelathini za kazi ndipo alipwe, na mkonge wenyewe ukapakiwa melini kwenda kusokotwa kamba Ulaya. Mtu wa namna hiyo utasemaje yuko nje ya biashara ya dunia? Alikuwa ndani kabisa, ila upande wa kulipwa kidogo. Nadharia inayoanza na tabia ya mtu haimwoni aliyeshika mizani, na hapo ndipo ninapoachana na mwandishi wenu.

Twende kwenye takwimu moja ambayo kila mtu wa korosho anaijua. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilikusanya korosho zipatazo tani 145,000. Kufikia msimu wa 1986/87 zilikuwa tani 16,500 tu. Akili ya biashara ya watu wa Kusini haiwezi kuwa ilipotea yote katika miaka hiyo kumi na mitatu. Kuna mambo yaliyotokea, na wasomi wameyagombania vizuri tu.

La kwanza ni vijiji. Mzee wangu alihamishwa wakati wa operesheni ya kuwakusanya watu kwenye vijiji vya ujamaa, na mikorosho haihami. Kutoka kijijini kwenda kwenye shamba lake la zamani ilikuwa mwendo wa asubuhi nzima, na ukirudi bado hujateka maji. Anayeijua nyanda ya Wamakonde anajua maji yetu yalikuwa bondeni. Shamba likaingia kichaka, moto ukapita, basi. La pili ni ubwiriunga, ugonjwa unaonyausha maua, ambao salfa ilikuja kuutuliza baadaye. La tatu ni bei. Hapa ndipo nadharia ya Robert Bates, Mmarekani mwingine aliyeandika mwaka 1981, inapoingia mahali pake. Alisema bodi na mamlaka za mazao Afrika ziliishia kuwa njia ya kumtoza mkulima bila kumwita mlipa kodi. Serikali inawaogopa watu wa mjini, wanaoweza kuandamana leo na kufika ikulu leo, kuliko wakulima waliotawanyika vijijini. Kwa hiyo bei ya mkulima inabanwa, na tofauti inalipia ofisi, magari na hasara. Kwetu ndivyo ilivyokuwa: vyama vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976, mamlaka ya serikali ya korosho ikawa mnunuzi pekee, na sehemu ya bei ya nje iliyomfikia mwenye mti ikazidi kupungua.

Mkulima alifanya nini? Hakuandamana. Aliiacha mikorosho akalima muhogo, kwa sababu muhogo hauhitaji kibali cha mtu na unaliwa nyumbani. Msweden Goran Hyden, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliliona hili. Mwaka 1980 aliandika kwamba mkulima wa Tanzania alikuwa bado hajakamatwa, wala na soko wala na serikali. Anacho chakula chake na anao ndugu zake, ukimbana anakuteleza. Hyden aliona undugu huo ni uchumi kamili wenye taratibu zake za kutoa na kupokea.

Mwandishi wenu angemsoma Hyden kabla ya kuandika kuhusu unyago. Kwetu ukoo unafuata kwa mama, na mjomba ana neno kubwa kwa watoto wa dada yake. Mpwa wangu akiingia jando natoa, na natoa hadharani ili ionekane. Mwezi wa sita nikilala na homa shamba likawa majani, ninajua nyumba zipi zitakuja na majembe, kwa sababu wote tunakumbuka nani alitoa nini na lini. Hakuna kampuni ya bima iliyowahi kufungua ofisi kijijini kwetu. Sisemi kila shilingi ya ngoma ni akiba. Ipo ya sifa tupu, na vipaza sauti vya siku hizi vinakesha na kutunyima usingizi. Ila kuiita yote upotevu ni kuhesabu matumizi na kuacha mapato.

Hata hivyo simfuati Hyden hadi mwisho. Anamfanya mkulima aonekane kama ana mlango wa nyuma siku zote. Leo mwanao anataka daftari na sare, bati linauzwa kwa fedha taslimu, na maji ya ndoo pia. Mlango ule wa muhogo umebaki wazi kidogo sana. Ndiyo maana inabidi tuizungumze kangomba kwa hesabu.

Wasomaji wa mbali waelewe: kangomba ni pale mnunuzi wa pembeni anapopita nyumba hadi nyumba akinunua korosho nje ya chama, mara nyingi kwa kopo au bakuli badala ya mizani, mara nyingi pia kwa kutoa fedha miezi kabla korosho hazijadondoka. Mnunuzi mwenyewe naye tunamwita kangomba. Ni marufuku. Na bei yake ni ya kunyonya, hilo halina ubishi.

Sasa tuseme mkulima ana shamba linalohitaji palizi mwezi wa tano na kupuliza dawa mwezi wa sita na wa saba. Pembejeo siku hizi zina ruzuku, lakini vibarua hawana ruzuku, na mwenye bloa, mashine ya kupulizia dawa, anataka mafuta na ujira wake. Kangomba anampa shilingi 1,500 kwa kilo leo. Mnadani mwezi wa kumi bei huenda ikawa 2,500, toa makato yaliyo kwenye mjengeko wa bei, ile orodha ya tozo zinazokatwa kwa kila kilo, na fedha iingie benki pengine mwezi wa kumi na mbili. Akisubiri bila kupalilia hatapata kilo za kupeleka mnadani. Kwa hiyo anauza magunia mawili kwa hasara ili aokoe kumi. Hiyo ni riba, tena kubwa, na anaijua kwa vidole. Anakopa kwa anayekopesha.

Tulipoanzishiwa stakabadhi ghalani msimu wa 2007/08, mfumo wa kupeleka korosho ghalani, kupewa risiti na kuziuza mnadani, tuliambiwa stakabadhi yenyewe itakuwa dhamana. Ni kweli, benki inaweza kuikopeshea. Lakini stakabadhi inaandikwa korosho zikishafika ghalani, na mkulima anahitaji mkopo wakati korosho bado ni maua. Mfumo umejengwa vizuri kuanzia ghala kwenda bandarini. Kuanzia shambani kuja ghalani umeachwa wazi, na kangomba amekaa hapo.

Na ni nani huyo kangomba? Huku si mgeni wa kuja na ndege. Ni mwenye duka, mtumishi mwenye mshahara wa kila mwezi, wakati mwingine kiongozi anayekemea kangomba jukwaani. Miaka ya 1970 Issa Shivji, msomi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alisema kwamba baada ya uhuru tabaka jipya linaota ndani ya ofisi za dola, na nguvu yake si kumiliki shamba bali kusimamia kinachopita. Tulipomsoma sisi makarani tulidhani anasema habari za Dar es Salaam. Ukweli ni kwamba kila penye mizani, kitabu cha stakabadhi na mlolongo wa watu wanaosubiri, tabaka hilo lina kiti. Anayeandika unyaufu wa korosho ghalani, yaani uzito unaopungua zikikauka, anaweza kumega kilo za mtu bila kushika kisu.

Nadharia hizi zote, lakini, zilitikisika kwangu mwaka 2018. Mwezi wa sita Bunge lilibadilisha sheria, ule mgawo wa asilimia 65 ya ushuru wa korosho ghafi zinazouzwa nje, uliokuwa urudi kwenye zao, ukaingia Mfuko Mkuu wa serikali. Bates angetabasamu: wakulima waliotawanyika wametozwa tena. Lakini mwezi wa kumi na moja wanunuzi walipoweka bei ndogo mnadani na wakulima wakagoma kuuza, Rais Magufuli aliamua serikali inunue zote kwa shilingi 3,300 na malori ya jeshi yakaja kuzibeba. Dola ile ile, mwaka ule ule, ilichukua kwa mkono mmoja na kutoa kwa mwingine. Maelezo yangu ni kwamba Kusini hatukuwa tena wale waliotawanyika. Miaka mitano nyuma, Aprili 2013, huko Liwale, mkoani Lindi, nyumba za viongozi zilichomwa kwa sababu malipo ya pili ya korosho, yale yanayofuata baada ya malipo ya awali, yalikuja pungufu. Sisifii moto. Ila aliyepanga bei mwaka 2018 alikuwa anaikumbuka Liwale.

Kisha ukaja uhakiki, na mwenye kilo nyingi kuliko shamba lake akashukiwa. Walionunua kangomba wakatafuta majina ya ndugu ya kuwekea magunia. Waliouza kangomba mwezi wa sita hawakupata chochote katika hiyo 3,300. Unaona tena ni nani anayebaki na hasara serikali inapokuwa na huruma.

La Walter Rodney nitaligusa kwa haraka kwa kuwa halina mabishano huku. Mguyana huyo aliyefundisha Dar es Salaam alituonyesha kwamba kuuza ghafi na kununua kilichotengenezwa ni mfumo uliojengwa, wala hautokani na bahati mbaya. Tulijengewa zaidi ya viwanda 10 vya kubangua. Vingi vikafungwa, baadaye vikauzwa, na vingine vikageuka maghala ya korosho ghafi zinazosubiri meli ya India na Vietnam. Ukitaka kuona nadharia imegeuka jengo, njoo uone.

Kwa mwandishi wenu ninaomba jambo dogo. Kila wiki ya msimu gazeti huchapisha bei ya juu na ya chini ya mnada. Kwa mkulima hiyo ni nusu ya habari. Ongezeni safu mbili: jumla ya makato kwa kilo kama yalivyo kwenye mjengeko, na tarehe ambayo fedha za mnada huo ziliingia kwenye akaunti za wakulima, chama kwa chama. Ziwekeni misimu miwili, kisha mlinganishe na vijiji ambako kangomba anashamiri. Mkikuta chama kinacholipa ndani ya wiki moja na bado wanachama wake wanamkimbilia kangomba, nitakubali tuzungumzie akili zetu.

Kama nafasi ukurasani haitoshi, punguzeni picha ya mgeni rasmi anayefungua mnada.

Karani mstaafu wa chama cha msingi,
Newala, Mtwara