Bango la WhatsApp si tovuti ya mahujaji

Kila msimu wa hijja ukikaribia, sisi tunaotengenezea taasisi za hijja tovuti hupata lawama ileile: "Nyinyi ghali, kuna kijana katufanyia kwa robo ya bei." Juzi sheikh mmoja wa taasisi ya hijja hapa mjini alitwambia waziwazi kuwa tumemdhulumu. Haya, na sisi tuseme.

Hizo kazi za robo bei tunazijua, maana mwisho huletwa kwetu zitengenezwe. Linachukuliwa bango la WhatsApp lenye Al-Kaaba, ndege na nambari za simu, linapachikwa ukurasa wa mbele, basi. Mzee akilifungua kwenye simu yake, herufi kama mayai ya chawa. Nambari iliyo ndani ya picha haibonyezeki, aanze kutafuta kalamu. Bei ikibadilika, bango linachorwa upya na kulipiwa upya.

Balaa lenyewe lakini ni fomu. Taasisi moja ya Pemba ilichukua fomu ya kigeni iliyo tayari, yenye visanduku viwili vya jina. Sisi huku majina yetu matatu: lako, la baba, la babu. Huyu akaacha la baba, yule la babu, bi mmoja akaandika jina analoitwa mtaani. Na viza na tiketi zinataka jina lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi! Wakashinda kuwapigia simu mahujaji mmoja mmoja, nafuu yote ikaishia kwenye vocha.

Fomu yetu inaanza na picha ya ukurasa wa pasipoti, ndipo majina yajazwe yanavyofuatana pale. Pasipoti iliyobakisha chini ya miezi 6, mtu anaambiwa papo hapo aende Uhamiaji. Chanjo ya homa ya uti wa mgongo ina pahala pake, kwani hutakiwa ichomwe si chini ya siku 10 kabla ya kufika Saudia. Tarehe tunaandika mbili, ya Hijria na ya Miladia: siku ya Arafa, kilele cha hijja, mwaka 2025 ilikuwa Juni 5, ya 2026 ni Mei. Ukurasa uliosahauliwa ukiwa bado na "hijja ni Juni" unapoteza watu.

Video ya tawafu (kuizunguka Al-Kaaba) inayojicheza yenyewe hatuweki, hata utuongeze pesa. Inamaliza bando la mtu hajafika kwenye bei.

Bei yetu ndiyo hiyo, na marekebisho ya msimu mzima yamo ndani yake. Mkija, njooni na fomu mnayojazisha kwa mkono. Bango liacheni.