Hasira ya Julai ilitakiwa iwe ya Januari

Mhariri,

Dirisha kubwa la usajili likifunguliwa, mambo ni yaleyale. Picha ya nyota wetu akiwa na jezi ya mtani wetu Yanga inarushwa usiku, asubuhi jezi zinachomwa moto, na ikifika jioni kuna mtu keshapata "ushahidi" kwamba jamaa alikuwa anatuhujumu tangu Februari. Sisi wa Msimbazi, watu wa Simba, yalitukuta tarehe 1 Julai 2024, Yanga walipomtambulisha kiungo wetu Clatous Chama. Naomba nafasi niwaambie wenzangu kwamba hasira ile ilichelewa miezi sita, tena ikamwendea asiyehusika.

Chama hakutoroka. Mkataba wake ulikwisha, akawa mchezaji huru, akasaini anakotaka. Kanuni za FIFA ziko wazi: mkataba ukibakiza miezi sita au pungufu, mchezaji ana ruhusa ya kusaini na klabu nyingine. Wanaomtaka wanapaswa kuiandikia klabu yake kabla ya kuanza mazungumzo, lakini ndani ya miezi hiyo sita barua hiyo ni taarifa tu. Klabu haina uwezo wa kumzuia. Mikataba mingi ya ligi yetu inaisha pamoja na msimu, katikati ya mwaka. Kwa hiyo Januari, wakati sote tumekodoa macho kuona dirisha dogo linatuletea nani, swali la maana ni lingine kabisa: nani anamaliza Juni, na mezani kwake kuna ofa gani?

Pigeni hesabu. Mkataba wa miaka miwili una miezi 24, na sita ya mwisho mtani naye anakaa mezani. Zinabaki 18 za kufanya kazi kwa utulivu. Mkataba wa mwaka mmoja unakuachia sita tu, na hiyo sita ndiyo ambayo mchezaji bado anajifunza njia ya kwenda mazoezini. Sasa chukua ule wa miezi sita, unaosainiwa dirisha dogo kwa sababu "tumwone kwanza". Huyo ana ruhusa ya kusaini kwingine tangu siku anayoshuka uwanja wa ndege. Hiyo siyo mikataba, ni kukodi.

Wananchi, yaani Yanga, nao wanalijua hilo. Bernard Morrison alitua kwao Januari 2020, na Agosti ya mwaka huohuo akawa wetu. Yanga walisema wamemwongezea miaka miwili. Yeye akasema anautambua ule wa miezi sita tu. Kamati ya Sheria na Hadhi za Wachezaji ya TFF, shirikisho la soka nchini, ikaona mkataba wa nyongeza una kasoro, Yanga wakaenda CAS, mahakama ya kimataifa ya michezo, na Novemba 2021 rufaa yao ikatupwa. Tulicheka sana mwaka ule. Julai 2022 Morrison akarudi Jangwani, kwa Yanga haohao, kicheko kikaisha.

Kuondoka mkataba ukiwa hai ni habari nyingine, na hapo lawama inaweza kuwa na mahali pa kukaa. Feisal Salum, Desemba 2022, aliweka shilingi milioni 112 kwenye akaunti ya Yanga akaaga. Kamati ikasema bado ni mchezaji wao, na suala likaisha kwa maelewano Juni 2023 alipokwenda Azam. Mrisho Ngassa, aliporudi Yanga mwaka 2013, alikutwa ana mkataba na Simba: mechi sita nje, na milioni 45 azilipe kwetu. Hao ndio wa kujadili kwa ukali ukitaka. Kumweka Chama kundi hilo ni kumwonea.

Najua linalouma si karatasi. Linalouma ni ile video ya sekunde chache, mtu uliyemwimba tangu 2018 anageuka na skafu ya kijani na njano, anacheka vilevile alivyokuwa anacheka na sisi. Na inauma zaidi kwa hofu ya dabi: atatufunga. Haya, tuangalie. Msimu wa 2024/25 Yanga walitufunga mara tatu. Agosti, Ngao ya Jamii, bao la Maxi Nzengeli. Oktoba, beki wetu Kijili alijifunga. Juni, Pacome kwa penalti na Mzize. Hakuna hata moja la Chama. Hofu yetu yote tuliielekeza kwa mtu mmoja, wengine wakapita mlango wa nyuma.

Kwa hiyo, wanachama wenye kadi, mkutano ukifika msiulize "kwa nini mmemwachia?" Hilo linajibiwa kwa dakika mbili za siasa. Ombeni idadi ya wanaomaliza mikataba msimu huu na msimu ujao, na mazungumzo yalianza mwezi gani.

Halafu jezi. Jamani, msichome. Ile ni poliesta. Haiwaki ikawa majivu kama khanga, inayeyuka, na tone lake likidondokea mguuni linaganda na ngozi. Kama jina hulitaki, pitisha ukucha pembeni mwa herufi. Ukucha ukikwama, jina limebandikwa kwa joto na linaweza kutoka: geuza jezi ndani nje, weka kitambaa cha pamba juu yake, kandamiza pasi ya moto wa wastani isiyo na mvuke sekunde 10 hadi 15, kisha inua kona kwa kibano na uvute taratibu likiwa bado la moto. Moto ukizidi, kitambaa kinang'aa na kujikunja, na hapo hakuna fundi wa Kariakoo atakayekusaidia. Ukucha usipokwama, wino umeingia kwenye uzi wenyewe, hilo halitoki.

Na hata likitoka, msishangae. Chini ya herufi hapakupigwa jua, ule wekundu umebaki umeiva. Kwa mbali 17, namba ya Chama, itaendelea kusomeka.

Mwanachama wa Simba,
Temeke, Dar es Salaam