Ngano Katika Sahani ya Pasaka

Mpendwa rafiki yangu,

Salaam nyingi zikufikie wewe pamoja na watoto wote. Sisi hapa tu wazima, tunamshukuru Mungu. Barua yako niliisoma mara mbili, kwa sababu swali uliloniuliza ndilo lililonisumbua mimi mwenyewe kwa miaka mingi: tufanye nini nyumbani ili Pasaka isiwe kwa watoto siku ya nguo mpya na peremende tu? Unasema unawaeleza habari za msalaba na ufufuo, nao wanakusikiliza kwa adabu, kisha wanauliza mayai yamefichwa wapi. Sidhani kama wamekosea, wala wewe hujakosea. Mimi niliacha kutanguliza maelezo. Siku hizi natanguliza kazi ya mikono, na maneno nayaacha yafuate pale mtoto mwenyewe anapouliza.

Kazi ya kwanza kwetu ni kupanda ngano. Siku kumi hivi kabla ya Pasaka, yaani ile Alhamisi inayotangulia Jumapili ya Matawi, tunaloweka konzi moja ya ngano usiku kucha, na asubuhi watoto wanaitandaza juu ya pamba yenye unyevu katika sahani pana, kisha tunaiweka dirishani. Baada ya siku mbili au tatu utaona kila punje imetoa ncha nyeupe, na ikifika Jumapili ya Pasaka majani huwa yamesimama kijani kibichi, marefu kama kidole au zaidi. Mwaka jana kitindamimba wangu alikuwa akiimwagia maji kila apitapo dirishani, bila mimi kujua, hata ngano ikaota ukungu na kuanza kunuka. Alilia sana. Tukapanda nyingine siku ileile, na alipokuwa akizitandaza punje moja moja kwa kidole, akauliza kama zile za kwanza zimekufa, na kama hizi nazo zitakufa. Hapo ndipo nilipopata nafasi ya kumweleza kwamba Bwana mwenyewe, siku chache kabla ya kuteswa, alijifananisha na chembe ya ngano ambayo isipoanguka katika ardhi na kufa hukaa peke yake, bali ikifa huzaa sana. Hakusema neno. Aliinama tu akaendelea kuzitazama punje zake, nami nikaona kwamba ameelewa kuliko nilivyoelewa mimi katika umri huo.

Jambo la pili halina gharama wala kazi, nalo ni kuutazama mwezi. Watoto wengi hushangaa kwa nini Krismasi ina tarehe yake lakini Pasaka huhama kila mwaka. Waeleze kwamba Pasaka ni Jumapili ya kwanza baada ya mwezi mpevu unaotokea tarehe 21 Machi au baada yake, na kwa hiyo haiwezi kutangulia tarehe 22 Machi wala kupita tarehe 25 Aprili. Na kwamba maaskofu waliokutana Nikea mwaka 325 walitaka Wakristo wote waiadhimishe siku moja, ingawa Waorthodoksi wengi, wanaofuata hesabu ya kalenda ya zamani, mara nyingi huiadhimisha baadaye kuliko sisi. Kisha toka nao nje usiku katika Juma Kuu. Karibu kila mwaka mwezi mpevu huangukia juma hilohilo, na watoto wangu hupenda kujua kwamba usiku ule wa bustani ya Gethsemane nao ulikuwa wa mbalamwezi, kwa sababu Pasaka ya Wayahudi huwa katikati ya mwezi wa kalenda yao, ambao huanza mwezi unapoandama.

Matawi ya Jumapili ya Matawi msiyatupe. Yachomekeni nyuma ya msalaba wa nyumbani mpaka mwaka ujao, kwa maana majivu ya Jumatano ya Majivu hutokana na matawi ya mwaka uliotangulia, na mtoto aliyeliona tawi lake likikauka mwaka mzima ukutani hatasahau majivu hayo yametoka wapi.

Ukiniuliza ni siku gani ninayoipenda kupita zote katika juma hilo, nitakujibu kwamba ni jioni ya Alhamisi Kuu. Tunaweka beseni la maji ya uvuguvugu katikati ya chumba, tunasoma sura ya 13 ya Injili ya Yohana, kisha mimi na baba yao tunawaosha watoto miguu, mmoja baada ya mwingine. Kitindamimba hukunja vidole kwa kutekenywa na kucheka, nami simkatazi. Mwaka jana kifungua mimba wangu, ambaye sasa ana miaka tisa na anaanza kuona haya, alificha miguu chini ya kiti akasema kwamba miguu yake ni misafi. Sikumlazimisha, nilirudi nyuma katika somo na kumsomea tena pale Petro anapokataa katakata kuoshwa miguu na Bwana wake. Akanyamaza kitambo, akatoa mguu mmoja, halafu wa pili. Baada ya hapo ikawa zamu yao kutuosha sisi. Mdogo alimwaga nusu ya maji sakafuni, lakini alinifuta katikati ya kila kidole kwa uangalifu ambao sijawahi kuuona kwake katika kazi nyingine yoyote. Rafiki yangu, usiiruke jioni hii hata kama umechoka.

Ijumaa Kuu kwetu ni kimya. Hatuwashi redio wala televisheni, tunafunika msalaba kwa kitambaa cheusi, na chakula ni kidogo. Sioni haja ya kuwatisha watoto wadogo kwa habari za misumari na damu. Nyumba iliyonyamaza inawatosha. Najua wapo wazazi wanaopenda kuipita siku hiyo upesi ili wafike kwenye furaha, lakini kwa maoni yangu mtoto ambaye hakuonja kimya cha Ijumaa hatajua kwa nini Jumapili tunaimba kwa sauti kubwa.

Jumamosi ndipo tunapopaka mayai rangi, na hapa nakuomba uache rangi za dukani kwa mwaka mmoja tu ujaribu maganda ya vitunguu. Anza kuyakusanya mapema katika Kwaresima, yajaze sufuria, yachemshe kwa nusu saa, uchuje, kisha utie kijiko kikubwa cha siki. Kabla ya kutumbukiza yai, mwambie mtoto abandike juu yake jani dogo lenye umbo zuri, ulifunge yai kwa kipande cha soksi nyembamba kuukuu kilichokazwa kwa uzi, ndipo ulichemshe ndani ya maji hayo. Likipoa, fungua pole pole mtoto akitazama: yai lote huwa jekundu kama tofali, na pale jani lilipokuwa pamebaki peupe, na mishipa yake inaonekana. Lipake mafuta kidogo ling'ae. Wakiuliza kwa nini mayai, jibu lipo: zamani mfungo wa Kwaresima ulikataza pia mayai, lakini kuku waliendelea kutaga, hivyo siku mfungo ulipokwisha kila nyumba ilikuwa na mayai tele ya kugawana. Wakristo wa Mashariki huyapaka rangi nyekundu kwa ukumbusho wa damu ya Kristo, na ganda lililofungwa huwakumbusha kaburi.

Jumapili tunaamka alfajiri, kabla hakujapambazuka, tunawasha mshumaa mmoja katika chumba chenye giza, na kila mtoto anawasha wake kutoka katika huo. Mayai wanayatafuta saa hiyohiyo, kwa sababu wale wanawake nao walitoka alfajiri kwenda kaburini kumtafuta Bwana. Kati ya mayai hayo huwa natia moja tupu, nililotoboa kwa sindano juu na chini na kupuliza ute wote nje. Mwaka jana mdogo ndiye aliyelipata. Akalishika, akashangaa wepesi wake, akalitikisa sikioni, akaja kwangu karibu kulia, akasema hamna kitu ndani. Kabla sijafungua mdomo, dada yake akamwambia, "Hata wao walikuta tupu." Nilikaa kimya, kwa kuwa hapakuwa na la kuongeza.

Baadaye mezani tunagonganisha mayai, ncha kwa ncha, anayegonga husema "Kristo amefufuka!" na mwenzake hujibu "Amefufuka kweli kweli!" Ambaye yai lake halikupasuka mpaka mwisho huhesabiwa kuwa ndiye mwenye baraka ya mwaka. Sahani ya ngano huwa katikati ya meza, na mshumaa wa alfajiri umesimamishwa ndani yake. Msiiondoe siku hiyo. Pasaka ni siku 50, hadi Pentekoste, na sisi huwasha mshumaa huo kila Jumapili ya kipindi hicho hata kama ngano imekwisha kunyauka na kuhamishiwa bustanini.

Basi anza kukusanya maganda ya vitunguu tangu sasa, na ununue ngano isiyokobolewa, kwa kuwa iliyokobolewa haioti. Niandikie unieleze ni yupi kati ya watoto wako aliyeiona ncha ya kwanza. Wasalimie wote, na baba yao pia.

Ni mimi rafiki yako akupendaye katika Kristo.