Mjomba, mimi si mtu wa usalama

Shikamoo Mjomba.

Siku ya arobaini ya bibi, pale Newala, niliona. Nilipokuja kukaa jamvini na wazee, mazungumzo ya korosho yakakatika kama redio iliyoisha betri. Mzee mmoja akaanza kuisifia mvua. Mvua yenyewe ilikuwa na wiki mbili haijadondosha hata tone. Usiku binamu akaninong'oneza kwamba ni wewe uliyewatangazia, kwa kujivuna kabisa, kuwa mpwa wako anasomea "usalama wa taifa".

Mjomba! Hapa kwetu mtu akisikia neno hilo haoni kitabu. Anamwona yule jamaa asiyejulikana kazi yake, anayekunywa soda moja kibandani kutwa nzima. Ndiyo maana naandika hadharani. Nikikujibu kwa kunong'ona pembeni, nitakuwa nimewathibitishia.

Ninachosomea ni shahada ya uzamivu ya sera za umma na usalama wa taifa. Chuo kiko Marekani, mimi niko Chikongola, hapa Mtwara mjini, na laptopu yangu. Hakuna aliyenifundisha kumfuatilia mtu barabarani. Miaka ya mwanzo ni masomo: sera inavyotungwa, takwimu, sheria, mikataba ya mataifa. Unafuata mtihani mkubwa, kisha tasnifu ambayo lazima uitetee mbele ya jopo. Wengi hukwama hapo kwenye tasnifu, masomo yote wakiwa wameyamaliza.

Uliniuliza kama chuo cha mtandaoni kina milango. Kinayo, na kabla ya kutoa hata shilingi niliibisha. Kule si serikali kuu inayokagua ubora wa vyuo, ni taasisi za ithibati, na wizara yao ya elimu inazitambua taasisi hizo. Hapa nyumbani cheti kitapita Tume ya Vyuo Vikuu kitambuliwe. Asiyeuliza mapema hununua karatasi ya kuning'iniza sebuleni.

Kipindi chao cha saa mbili usiku, kwangu ni saa kumi alfajiri. Wao wakisogeza saa zao mwezi Machi, kinakuwa saa tisa usiku. Jirani alidhani naswali tahajudi. Na Mei 2024, nyaya za chini ya bahari zilipokatika, nilikaa na bando limejaa, kazi ya kuwasilisha mkononi na hakuna njia ya kuituma.

Sasa nirudi kwenye neno lenyewe. Siwalaumu wazee. Tangu Oktoba 2017 ng'ambo ya mto Ruvuma, Cabo Delgado nchini Msumbiji, kuna vita, na Oktoba 2020 washambuliaji walivuka wakaingia Kitaya, kijiji cha upande wetu wa mto. Mwenye ndugu kingo zote mbili za mto ana haki ya kuchagua maneno. Lakini usalama ninaousoma haukomei kwenye bunduki. Mwaka 1994 Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa lilitoa ripoti iliyosema usalama wa binadamu una sehemu saba. Zimo chakula, afya, mazingira, na ya kwanza kabisa iliyotajwa ni uchumi: mtu awe na uhakika wa kipato chake. Nilipoisoma, saa kumi na moja alfajiri, nilikuona wewe umekaa juu ya magunia.

Unaukumbuka msimu wa 2018 kunizidi. Oktoba wakulima mlizikataa bei za mnadani. Novemba Rais Magufuli akatangaza kwamba serikali itanunua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na malori ya JWTZ yakaja kuibeba. Kisha ukaja uhakiki, ili mkulima atenganishwe na kangomba, yule mlanguzi anayenunua korosho nje ya mfumo rasmi. Korosho ni jambo la kilimo, hilo linajulikana. Ila siku lori la jeshi liliposimama mbele ya ghala la chama cha msingi cha ushirika, lilikuwa jambo la nini? Na mkulima wa wilaya ya mpakani alilitazama lori lile kwa jicho gani? Hiyo ndiyo tasnifu yangu yote, mengine ni tanbihi.

Kwa hiyo nahitaji kuzungumza nanyi. Kibali kinapita kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kinashuka wilayani hadi kwa mtendaji wa kijiji. Kuna na fomu ya ridhaa: jina lako halitaandikwa, na unaweza kujitoa hata katikati ya sentensi. Kamati ya maadili ya chuo iliniuliza nitajuaje kwamba mjomba wangu hakubali kwa kuniogopa. Nikawaandikia kwamba kwetu Wamakonde mjomba ndiye mwenye kauli juu ya mpwa. Wakataka maelezo zaidi, kurasa mbili. Nimewaeleza ukoo mzima wa mama.

Kichwa cha fomu kina neno "usalama", siwezi kulifuta. Nimejaribu.

Nakuja Jumamosi. Fomu itabaki begini mpaka uiulize mwenyewe, na usipoiuliza tutakula, nitalala, nitarudi Mtwara. Ila yule mzee wa mvua naomba unitangulie kwake. Mwambie siku ile sikuandika kitu, na kwamba hata mimi niliona hakuna wingu.

Mpwa wako