Anayejifunza pikipiki uwanjani asijipime kwa saa

Mhariri,

Naomba nafasi niwasihi vijana wetu walioko Uingereza, wanaolipia siku za kuendesha pikipiki katika uwanja wa mbio za magari na pikipiki wa Brands Hatch, waache kujipima kwa saa. Siku hizo si mashindano, na waandaaji wengi hukataza kupima muda wa mzunguko. Anayejifunza aangalie kama, kila afikapo kona ya Paddock Hill, inayopinda kulia huku ikiteremka ghafla, anashika breki mahali pale pale, anatupa macho anakoelekea kabla ya kulaza pikipiki, kisha anaongeza mafuta taratibu. Mikono iliyokakamaa baada ya kipindi cha dakika 20 huonyesha kwamba bado anapigana na usukani, hata kama kasi yake imeongezeka.

Msomaji wenu,
Kent, Uingereza