Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Uvimbe wa Tumboni kwa Watoto

Ndugu wanachama,

Mwaka huu nguvu zetu nyingi zimeishia kwenye tumbo la mtoto. Uvimbe wa figo, hasa saratani iitwayo Wilms, hukua kimyakimya. Mtoto anacheza na kula kama kawaida mpaka siku mzazi anapomwogesha, mkono ukagusa kitu kigumu ubavuni. Wengi huwa hawajatimiza miaka 5.

Kwa hiyo semina zetu ziliwaweka pamoja wazazi na wauguzi wa kliniki za watoto. Tulisisitiza kwamba tumbo lililovimba lisidhaniwe kuwa ni minyoo au bandama, lipigwe ultrasaundi. Na uvimbe ukishaonekana, usibonyezwebonyezwe na kila anayepita wodini. Ukipasuka, seli humwagika tumboni, ugonjwa hupanda hatua, na mtoto aliyetarajiwa kutibiwa kwa upasuaji na dawa huenda akahitaji na mionzi. Jambo hili liliwashtua hata baadhi ya wauguzi wazoefu.

Nyuroblastoma, saratani ya seli changa za neva, ina sura nyingine. Mara nyingi huanzia kwenye tezi iliyo juu ya figo, na mtoto huonekana mgonjwa kweli: amekonda, mifupa inamuuma, pengine macho yamezungukwa na weusi kama aliyepigwa. Mzazi akishukiwa kwa weusi huo, anaonewa. Hepatoblastoma, saratani ya ini ya watoto wadogo sana, tuliigusa kidogo tu.

Liliulizwa swali zuri: kwa uvimbe wa Wilms, kipi kianze, dawa au kisu? Ulaya huanza na dawa ili uvimbe usinyae, Amerika Kaskazini kwa kawaida huanza na upasuaji, na kote huko watoto wapatao 9 kati ya 10 hupona. Kwa maoni yangu, ubishi huo ni wa wenye nafasi. Kwenye nchi maskini kinachotuulia watoto ni kuchelewa kufika, na kuacha matibabu katikati pale uvimbe unaponywea na nauli kuisha.

Shirika la Afya Duniani lilianzisha mwaka 2018 mpango wa kufikisha uponaji wa saratani za watoto angalau asilimia 60 ifikapo 2030, na Wilms imo kati ya saratani 6 zilizopewa kipaumbele. Kamati inapendekeza mfuko wetu mwaka ujao uelekezwe kwanza kwenye nauli na malazi ya familia zilizo katikati ya matibabu, kabla ya semina mpya. Wapo wasiokubaliana nami, na tutapiga kura mara baada ya mhazini kusoma hesabu.