Barua kwa mwanangu anayetaka kuishi kwa kuruka na baiskeli

Tabata, Dar es Salaam

Mwanangu,

Huku nyumbani hatujambo. Umeuliza kama mtu anaweza kula kwa kuruka na baiskeli milimani. Wapo wanaokula, ila ni wachache, na mikono yao imezoea chepe na sururu kama ilivyozoea usukani.

Angalia Red Bull Rampage, mashindano ya kuruka na baiskeli milimani kule Utah, Marekani, yaliyoanza mwaka 2001. Mpandaji hachongewi njia. Anakuja na wachimbaji wake wawili, wanachonga mlima kwa zana za mkono, magunia ya mchanga na maji. Brandon Semenuk wa Kanada, hadi 2024, alikuwa ameshinda mara 5. Wanawake walianza kushindana pale mwaka huohuo wa 2024, na Robin Goomes wa New Zealand akaibuka wa kwanza. Kwa hiyo atakayekwambia hii si kazi ya wasichana, mpuuze.

Wewe anzia Pugu, na usianze na shimo la kuvuka. Jenga tuta lililojazwa katikati: ukipungukiwa unatua juu ya udongo, huangukii ukutani. Udongo wetu wa kichanga wa Pwani haushiki peke yake. Changanya na udongo wa mfinyanzi, mwaga kwa tabaka za sentimita 15 hivi, nyunyiza maji kidogo, shindilia, ndipo uongeze tabaka jingine. Mvua kubwa ikinyesha, acha tuta likauke kabla ya kupita, la sivyo tairi litachimba mfereji kwenye mdomo wa kurukia na kukuvuta pembeni.

Sasa hesabu. Mdomo ukiwa na nyuzi 30 na kutua kukiwa usawa uleule, kuvuka mita 4 kunataka kama kilomita 24 kwa saa. Ukija na 20 unaishia mita 2.7. Ukija na 28 unafika mita 5.3. Tofauti ya kilomita 4 tu inakutoa zaidi ya mita nzima! Ndiyo maana mteremko wa kutua uwe mrefu, nao uwe na nyuzi karibu 30, kwa sababu ndiko baiskeli inakoelekea inaposhuka. Ukitua bapa, magoti na vifundo vya mikono ndivyo vinavyobeba mshindo wote. Pima pembe kwa simu, na kasi kwa kipima kasi cha baiskeli, usikadirie kwa macho. Pita mara kadhaa bila kuruka, huku ukisoma kasi pale mdomoni.

Baiskeli yenyewe: shokapu ya nyuma inayoweza kubonyea milimita 75 izame kama 20 ukisimama juu ya pedeli na kofia na kinga zako zote. Ikizama zaidi itagonga mwisho kila ukitua. Ikirudi kwa kasi mno itanyanyua tako la baiskeli na kukurusha juu ya usukani, na kosa hili watu wengi hulidhani la mpandaji. Upepo wa tairi la nyuma uwe kati ya PSI 25 na 30, la mbele kidogo chini ya hapo. Chumvi ya bahari hapa Dar inakula boliti na bearingi, kwa hiyo zikaguliwe na kupakwa grisi mara kwa mara. Kofia ya kufunika uso ikishapigwa vibaya, itupe hata kama haina ufa.

Kuhusu fedha, zawadi za mashindano hazilipi kodi ya nyumba. Kinacholipa ni wadhamini: kwanza punguzo la vipuri, kisha baiskeli ya bure, kisha nauli, na mwisho kabisa mshahara. Wadhamini wanataka picha na video nzuri kuliko nafasi ya tatu isiyorekodiwa na mtu. Kabla ya kusaini, tafuta mambo matatu kwenye mkataba: video ni mali ya nani, unazuiwa kutumia bidhaa za nani, na ukivunjika mshahara unaendelea miezi mingapi. Paul Basagoitia aliumia uti wa mgongo Rampage ya 2015 na kupooza miguu, na yeye alikuwa mzoefu.

Bima nyingi za safari hazigusi mashindano wala michezo ya hatari. Usiamini maneno ya mdomo ya wakala: omba karatasi, nenda moja kwa moja kwenye orodha ya yasiyolipwa, ipige picha, unitumie kabla hujatoa shilingi.

Baba yako